Kabla hujanisimulia, niambie umekaa wapi

Natoa tiba ya kisaikolojia kwa njia ya mtandao, na swali langu la kwanza kwa mteja mpya ni hili: umekaa wapi, na nani anakusikia? Wengi hucheka. Wakianza kuziangalia kuta, kicheko kinakata.

Dar hii wengi tumepanga chumba kwa chumba. Ukipiga chafya, jirani anakupa pole. Humo humo ndimo mtu anatakiwa anieleze usiku alioingiliwa na majambazi. Ninao wanaozungumza nami ndani ya gari lililoegeshwa Coco Beach, wengine stoo ya duka Kariakoo wakishafunga. Watu hulalamikia bando na umeme, lakini hayo yana dawa: picha ikikwama tunazima kamera tunabaki na sauti, na wenye aibu mara nyingi hufunguka zaidi wasipoonekana. Kinachonitoa jasho ni faragha.

Chukua dodoso la PHQ-9 tunalotumia kupimia sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha. Lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila jibu alama 0 hadi 3, na jumla ikifika 10 tunaanza kuangalia kwa makini. Swali la mwisho linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Mama mkwe yuko sebuleni, nani atajibu "ndiyo" kwa sauti? Kwa hiyo natuma maswali kwa maandishi, naye ananitajia namba tu: moja, tatu, sifuri, mbili. Anayetega sikio atadhani tunapiga hesabu za kikoba. Namba ile ya mwisho isipokuwa sifuri, mengine yote yanasubiri. Mtaa wake na simu ya mtu anayemwamini ninavyo tangu siku ya kwanza, maana nikiwa Mikocheni siwezi kukimbilia Mbagala.

Ila PHQ-9 haikuambii kama kuna kiwewe nyuma yake, lile jeraha la moyo linaloachwa na tukio la kutisha, na ndiyo sehemu ninayoifanyia utafiti: watu waliobeba vyote viwili, sonona na kiwewe. Kukosa usingizi kupo huku na huku. Nauliza: kinachokuamsha ni nini? Anayeamshwa na ndoto ya ajali ile ile, kisha akawa hapandi tena basi, simsikilizi kama yule anayekesha akijilaumu kwamba hana maana.

Kwa wenye matukio mengi ya kutisha napenda tiba ya masimulizi iliyobuniwa na wanasaikolojia Schauer, Neuner na Elbert, ambayo jaribio lake la awali kwa wakimbizi wa Sudan waliokuwa Uganda lilichapishwa mwaka 2004. Mteja anatandaza kamba sakafuni, ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa. Palipo na furaha anaweka ua, palipo na maumivu anaweka jiwe. Kisha tunasimulia kwa mpangilio, jiwe kwa jiwe, mimi naandika, kikao kinachofuata namsomea. Mtandaoni simu inaegemezwa kwenye ndoo, na kila kitu kiwe kimeondolewa kabla watoto hawajarudi kutoka shule. Jiwe kubwa siligusi kama zimebaki dakika kumi. Mtandao ukikatika hapo, umemwacha mtu peke yake katikati ya usiku ule. Tumekubaliana tangu mapema: ukikatika, napiga simu ya kawaida, naye wakati huo anataja kwa sauti vitu anavyoviona chumbani, pazia, jiko, viatu, mpaka nimpate.

(Wengi huniita dokta. Mimi ni mwanasaikolojia tiba, siandiki dawa. Anayezihitaji namwelekeza kwa daktari wa magonjwa ya akili, mara nyingi Muhimbili, na vikao vyetu vinaendelea.)

Kuna ambao siwapokei mtandaoni kabisa: anayeishi na anayempiga, hasa kama mtu huyo ndiye anayeshika simu ya nyumba. Ujumbe mmoja tu ukionekana, nimemuongezea hatari. Huyo tunakutana ana kwa ana, na nikipata ruhusa yake tunakwenda pamoja Dawati la Jinsia na Watoto, kituo cha polisi.