Paka wa Hydra na Syros: usimkimbize, mngoje

Picha zangu za kwanza za paka kule Ugiriki ni mikia. Sitanii. Nimezirudia juzi kwenye diski, siku ya kwanza Hydra nilipiga mia mbili na kitu, na ukizipitia unaona mkia, mgongo, mkia unaingia uchochoroni, halafu ukuta mtupu. Na mimi kazi yangu ndo hii jamani, nimepiga harusi za Mombasa mpaka nimezoea kelele za ngoma kuliko kimya, sasa nashindwa na paka wa mtaani?

Kosa lilikuwa moja tu, nilikuwa namkimbiza. Namwona pale, nainua kamera, naenda. Paka naye anaona jitu limeinama linamjia na jicho moja kubwa jeusi la kioo, we ungebaki?

Hydra kwa asiyeijua: ni boti ya kasi kutoka bandari ya Piraeus, chini ya saa mbili umefika. Kisiwa hakina magari, ukitoa gari la taka na mawili matatu ya dharura, mizigo inabebwa na punda na nyumbu, vichochoro vyembamba vinapanda na ngazi, bahari iko chini pale, na paka kila mahali. Mtu wa Lamu akishuka pale gatini atauliza msikiti uko wapi.

Siku ya pili nikabadilisha mpango. Badala ya kutafuta paka nikaanza kutafuta mahali. Yaani unapita mapema unaangalia: mlango wa buluu ulioliwa na chumvi, ngazi tatu zenye kivuli upande mmoja, rundo la nyavu, kiti cha taverna, ile migahawa midogo ya kule, kilichosahauliwa nje. Unauliza mwanga utafika hapa saa ngapi na utatokea wapi, na nyuma kuna nini, maana pipa la plastiki la rangi ya chungwa nyuma ya sikio la paka halitoki kirahisi ukija kuediti. Ukishapata mahali, kaa chini. Si kuchuchumaa, kaa kabisa, makalio sakafuni, kamera usawa wa macho yake. Wengi wanapiga paka wakiwa wamesimama, ndo maana picha zao zote ni za vichwa na migongo. Kama skrini ya kamera yako inafunguka weka kamera yenyewe chini halafu uangalie kutoka juu, na kama ni simu igeuze kichwa chini ili lenzi iwe karibu na ardhi.

Halafu ungoje. Paka wa bandarini wana ratiba kuliko mabasi yetu. Asubuhi wavuvi wakirudi wako gatini wote, jua likipanda wanapotea kulala, jioni taverna zikiwasha majiko wanatoka tena wamekunja mkia vizuri kama wageni waalikwa.

Kuna mzee mmoja mvuvi nilikaa karibu naye asubuhi nzima. Alikuwa anashona nyavu zake za manjano amekaa kwenye kigoda, na pembeni yake paka shume mmoja mwekundu, kichwa kikubwa, sikio limechanwa na vita vya zamani. Mzee akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Kenya, akacheka sana akasema “Marathonios!” mimi na tumbo hili, nikikimbilia boti tu ni habari ya gazeti. Basi tukanyamaza. Wagiriki wakimwita paka wanasema psi psi psi, mama yangu nyumbani anaita pusi pusi, sijaona tofauti kwenye matokeo. Kwa saa nzima hakukutokea kitu. Halafu yule shume akaunyoshea mkono uzi uliokuwa unatembea, ukucha ukanasa kwenye tundu la wavu, akavuta, ukakaza, akaanza kufanya uso wa kununa. Mzee hata hakuacha kushona, mkono wa kulia unaendelea na sindano, wa kushoto ukashuka, vidole viwili vikaushika ule ukucha vikautoa, taratibu tu, kama anamtoa samaki mdogo asiyemtaka. Picha hiyo ndo ninayoipenda kuliko zote, na nimeipata kwa sababu nilikuwa nimeshakaa, paka ameshanizoea, mzee ameshanisahau.

Kwa wanaopenda namba: lenzi ya 85mm, tundu la lenzi f/4, shata 1/500 ya sekunde. Mbona si f/1.4, tundu lililo wazi zaidi, watu wanapenda ule ukungu wa nyuma? Kwa sababu ukiwa karibu na paka kwa f/1.4 pua inakuwa kali na macho yameshapotea, uso wa paka ni mdogo lakini una kina. Fokasi ya kutambua macho ya wanyama inasaidia sana, ila kwa paka mweusi tii wakati mwingine inamkosa, hapo rudi kwenye nukta moja ya fokasi uiweke jichoni mwenyewe. Na zima sauti ya shata, ukipiga na kelele masikio yote mawili yanageuka pembeni, picha ya pili anaonekana kama anasikiliza umbea.

Sasa mwanga, hapa ndo mtu wa kwetu anaharibu. Sisi tumezoea jua linazama kwenye saa kumi na mbili na nusu, mwaka mzima karibu vilevile, na likianza kushuka linashuka wima, ukichelewa kubadilisha lenzi giza. Kule mwezi wa sita jua linazama karibu na saa tatu kasorobo usiku! Na linashuka kimshazari, kwa hiyo ule mwanga wa dhahabu unavuta vuta, una muda wa kukosea na kurudia. Ila na wewe upange tumbo lako, chakula cha usiku unakula saa nne.

Ukuta mweupe ni mtihani wa pili. Kuta za visiwa vile, hasa vya kundi la Cyclades, zimepakwa chokaa, na kipimo cha mwanga cha kamera kinachukulia kila kitu duniani ni kijivu cha wastani. Ukiielekeza kwenye ukuta mweupe inadhani kuna mwanga kupita kiasi, inapunguza, unapata ukuta wa rangi ya simenti na paka kama kaa la moto lililozimika. Wapiga harusi mnajua hili, ni gauni la bibi harusi lilelile. Ongeza eksposha, yaani mwanga wa picha, stopu moja hadi moja na theluthi, angalia histogramu, ule mchoro wa mwanga kwenye skrini, isigonge upande wa kulia. Kwenye simu mguse paka kwenye skrini, halafu pandisha kile kialama cha jua kwa kidole. Paka mweusi mbele ya ukuta mweupe juani ni kama mtu wa buibui pembeni ya mtu wa kanzu saa sita mchana, mmoja lazima umpoteze, kwa hiyo mimi simpigi juani, nangoja aingie kivulini.

Na kivuli cha kule ni zawadi. Watu wanasema mchana hakuna picha, mimi picha nyingi nzuri nimezipata saa saba saa nane, kwenye vichochoro. Jua linapiga ukuta wa juu upande mmoja, chokaa inaurudisha mwanga upande wa pili, unashuka laini mpaka chini kama umeweka riflekta mbili kubwa bila kulipa mtu wa kukushikia. Alafu kuna suala la macho: kwenye jua kali mboni ya paka inakuwa ufito mwembamba, anaonekana mkali, kivulini inapanuka na uso wote unalainika. Paka yuleyule, hatua tatu tu.

Chakula. Kila mtu anabeba chakula, mimi pia nilibeba kopo la dagaa, nikajuta. Paka akila anainamisha kichwa, unapiga visogo, na ndani ya dakika wamekuja kumi wanapigana. Picha iko baada ya kula. Akishiba anakaa anajiosha uso, ulimi, mkono, nyuma ya sikio, dakika kumi hana haraka na mtu. Kwa hiyo wafuate walioshibishwa na wengine, usiwalishe wewe. Na mfumbie macho polepole ukimtazama, si uchawi, mwaka 2020 watafiti wa vyuo vikuu vya Sussex na Portsmouth kule Uingereza walitoa utafiti kwamba paka hujibu ukifumba macho hivyo na huwa tayari zaidi kumsogelea mtu anayefanya hivyo. Kumtolea macho bila kupepesa kwake ni ugomvi.

Syros, kisiwa kingine, cha Cyclades, nilinaswa. Kiangazi kuna upepo wanauita meltemi, unatoka kaskazini, mkavu, mbingu safi kabisa halafu bahari imechafuka, ukizidi mamlaka za bandari zinapiga marufuku meli kutoka, na hiyo marufuku wanaiita apagoreftiko, neno la kwanza la Kigiriki nililolijua vizuri. Siku mbili Ermoupoli, mji wa bandari wa Syros, sina pa kwenda na hasira ya tiketi. Basi nikapanda Ano Syros, ule mji wa zamani juu ya kilima, na mwanzoni hakuna paka hata mmoja. Nikakumbuka mabaharia wa kwetu, kuna upande wa joshini, unaopigwa na upepo, na upande wa demani, uliokingwa. Nikazunguka demani ya kila nyumba, na wallahi wako wote kule, watano kwenye ngazi moja, wamejikunja kama mikate kwenye trei. Tangu siku hiyo nikifika kisiwa chochote naangalia bendera kwanza, nijue upepo unatoka wapi.

Utaona paka wengi ncha ya sikio imekatwa sawasawa. Huyo ameshafungwa uzazi, ni alama, si jeraha, usiende kuijaza kwenye kompyuta ili awe “mzuri”. Sheria yao ya 2021, namba 4830, inazibebesha manispaa jukumu la hawa wanyama, ila nilikopita wenye sahani na maji ni akina bibi na watu wa kujitolea, na msimu wa watalii ukiisha taverna zinafungwa, mabaki yanaisha, kazi inabaki kwao. Ukimkuta bibi analisha omba ruhusa kabla ya kuinua kamera, na ukiweza mpe hela ya mfuko wa chakula, ni ghali kuliko unavyodhani. Watoto wa paka wenye macho yaliyoziba usaha mimi sipigi picha, nauliza nani anawatazama. Ukikwaruzwa au kuumwa osha kwa maji na sabuni, muda mrefu, halafu daktari, acha ushujaa.

Ile picha ya ukucha niliichapisha nikaiacha kwenye taverna ya pale gatini wampe mzee. Mwaka uliofuata nikamkuta nayo, kaigandisha ndani ya kibanda cha boti lake kwa gundi ya karatasi. Ameikata kwa mkasi, uso wake wote umeondoka, wavu nusu umeondoka, wamebaki paka na vidole viwili. Nimejaribu kuikata vile kwenye kompyuta yangu. Ni nzuri kuliko ya kwangu.