Je, wajua kwa nini ua la plastiki halihesabiwi kuwa plastiki forodhani?

Maduka ya mapambo ya Mwanjelwa, Mbeya, hayakosi maua ya bandia: waridi za ukumbini, mashada ya makaburini, majani ya kuning'iniza ukutani. Mengi yanatoka China na kushukia bandari ya Dar es Salaam. Mtu angedhani yanaingia nchini kwa namba moja na mabeseni, maana yote ni plastiki. Sivyo.

Kila bidhaa inayovuka mpaka hupewa namba ya HS, mfumo wa Shirika la Forodha Duniani wa kupanga bidhaa kwa sura na namba, ulioanza kutumika mwaka 1988. Plastiki zina sura ya 39. Maua ya bandia yako sura ya 67, namba 6702, jirani na manyoya ya ndege na mawigi, katika sehemu ileile ya viatu, kofia na miamvuli. Ujirani wa ajabu kweli, lakini sura ya 39 yenyewe inasema bidhaa za sehemu hiyo si zake. Plastiki huulizwa baadaye: 6702.10 ni maua ya plastiki, 6702.90 ni ya kitambaa, karatasi na mengineyo.

Sasa chukua waridi moja la dukani ulivute taratibu. Petali zinachomoka tabaka kwa tabaka, majani yamechomekwa kwenye kikonyo chenye waya ndani, na waya umezungushiwa utepe wa kijani. Kufunga, kugundisha, kuchomeka: hapo ndipo penye siri, kwa sababu namba 6702 inataka ua lililoungwa kwa njia za aina hiyo. Lililomiminwa kwenye kalibu likatoka zima, kipande kimoja, hurudishwa sura ya 39. Waridi lililochongwa kwenye gogo moja ni mbao tu. La kioo huenda sura ya 70, liwe limeungwa au la. Na mti wa Krismasi wa plastiki? Huo ni kifaa cha sikukuu, 9505.

Ua halisi nalo lina vituko vyake. Likaushe, lipake rangi, bado ni ua halisi, 0603. Ila pareto, inayolimwa Mbeya na kusindikwa Mafinga, haimo humo ingawa ni ua lililokaushwa. Namba 0603 ni ya maua ya mashada na mapambo. Pareto kazi yake ni kuua wadudu, hivyo iko 1211.

Namba ndiyo inayoamua ushuru. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 2005 na viwango vya asilimia 0, 10 na 25, kisha mwaka 2022 ikaongeza cha 35, na maua mabichi ya kukatwa yakatajwa humo. Kwa hiyo anayeagiza mzigo asiridhike na ankara iliyoandikwa "mapambo". Wakala wa forodha atataka kujua ni maua ya nini na yameungwaje, na sampuli moja mkononi humsaidia kuliko picha ya simu.