Nimonia na kibahasha cha "1x3": maswali na majibu

Mvua zikianza hapa Dar es Salaam, benchi letu la wagonjwa linajaa vifua. Wengi wamechelewa, na ushahidi wa kuchelewa wanao mkononi: kibahasha cha duka la dawa, juu yake pameandikwa "1x3" kwa kalamu, yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku, jina la dawa hakuna. Haya ndiyo tunayoulizwa.

Nimonia ya bakteria ni nini?
Ni maambukizi ya mapafu. Vifuko vya hewa vinajaa usaha na majimaji, oksijeni inashindwa kupita kwenda kwenye damu. Bakteria anayeongoza anaitwa pneumokoko.

Nitajuaje kama si mafua tu?
Hesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue kifua umtazame dakika moja nzima. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kuanzia miezi 2 mpaka kabla ya mwaka ni 50. Kuanzia mwaka mpaka kabla ya miaka 5 ni 40. Kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, au akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea au kupata degedege, panda bajaji usiku huohuo. Mtu mzima atakuwa na homa, kikohozi na kichomi akivuta pumzi. Dalili za wazee zinatudanganya: mwingine hana homa kabisa, anaongea vitu visivyoeleweka tu.

Nimeshaanza dawa ya dukani. Si nimalizie kwanza nione?
Hapana. Hiyo "nione" ndiyo inayotuletea watoto saa nane za usiku, midomo imebadilika rangi. Dawa uliyopewa bila kupimwa inaweza isiwe yenyewe, au ikawa yenyewe kwa dozi ya nusu: vidonge sita kwa sababu hela ilitosha sita. Bakteria hafi, anazoea. Na tukichukua damu au makohozi kuotesha maabara, yaani kumkuza bakteria ili tumtambue, baada ya hapo, mara nyingi hakioti kitu, kwa hiyo hatumjui tunayepigana naye.

Kumjua bakteria kunahusu nini na mnachoandika kwenye faili langu?
Kunahusu sana. Kila ugonjwa una namba yake kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani. Katika toleo la 10 la orodha hiyo, nimonia ya pneumokoko ni J13, ya bakteria aitwaye Haemophilus influenzae ni J14, ya bakteria wengine ni J15. Ikiwa kimelea hakikutajwa, ni J18. Mtu wa kumbukumbu za wagonjwa, anayeweka namba hizo, hachagui kwa kubahatisha, na hata jibu la maabara peke yake halimtoshi. Anafuata alichoandika aliyekutibu. Tukiandika "kifua" au "kikohozi", hana pa kuanzia. Picha ya eksirei nayo inaonyesha pafu limeathirika, jina la bakteria haionyeshi.

J18 si aibu. Vituo vingi havina uwezo wa kuotesha, na mgonjwa anatibiwa vizuri tu kwa dalili zake. Kinachoniudhi ni J18 ya mgonjwa ambaye angepimwa, ila kibahasha kilitangulia. Namba hizo ndizo zinazoingia kwenye taarifa za MTUHA, mfumo wa serikali wa takwimu za huduma za afya, na bima nayo inalipa kwa kilichoandikwa. Sindano za siku kadhaa kwa mtu aliyeandikiwa "mafua" lazima zizue maswali.

Daktari, si uniandikie malaria tu? Homa ni homa.
Hapana. Kipimo kikisema huna malaria, hatuandiki malaria. Ukiandikiwa malaria utapewa dawa ya malaria, na nimonia itaendelea na kazi yake.

Nije na nini?
Daftari lako la matibabu, lilelile. Kuna watu wananunua jipya kila zahanati, kama vile historia yao ni siri ya serikali. Mtoto aje na kadi ya kliniki. Njoo na boksi la dawa au karatasi ya vidonge, hata tupu. Picha kwenye simu inatosha. Umepewa rufaa, barua isibaki nyumbani. Tuambie dawa ilianza lini, ya mwisho umemeza saa ngapi, na kama penisilini iliwahi kukuvimbisha au kukutoa vipele. Usifiche. Tutagomba kidogo, kisha tutaandika na kukutibu.

Bibi anasema ni kimeo, akakatwe.
Shikamoo bibi, lakini hapana. Kukata kimeo hakugusi mapafu. Tunapokea watoto wenye nimonia ileile, sasa na damu juu yake.

Homa imeshuka baada ya dawa za dukani, ila bado anahema. Tusubiri kesho?
Hapana, hapana tena. Parasetamoli inashusha joto la nimonia bila kuigusa nimonia. Angalia kifua, achana na kipaji cha uso. Anayehema haraka aje leo, na kibahasha chake.

Mliyompa nyinyi je, akianza kucheza niache?
Mpe mpaka siku zilizoandikwa ziishe. Mabaki unayomwekea mdogo wake ndiyo vibahasha vya mwezi ujao.

Kuna chanjo?
Ipo. Ya pneumokoko hutolewa wiki ya 6, 10 na 14, na ya Haemophilus influenzae imo ndani ya pentavalenti, chanjo moja ya kinga tano, wiki hizohizo. Zote zinajazwa kwenye kadi ya kliniki. Kama kuna kisanduku kitupu, mlete mtoto hata kama amepitiliza wiki hizo, tutaangalia kipi bado kinawezekana.