Juni 1941: waliopelekwa Siberia hawakuwa wasaliti

Kila Juni 14, Walatvia, Waestonia na Walithuania wa ughaibuni, wenye asili ya nchi tatu za Baltiki zilizotwaliwa na Umoja wa Kisovieti mwaka 1940, kuanzia Toronto hadi Stockholm, huwakumbuka ndugu zao waliohamishwa kwa nguvu na Wasovieti. Na kila mwaka hakosekani wa kusema: "Si hao walioshirikiana na Wanazi?"

Hapana. Tazama kalenda tu. Watu zaidi ya 40,000 walisombwa kuanzia Juni 14, 1941. Ujerumani ya Wanazi iliuvamia Umoja wa Kisovieti Juni 22. Wangemsaidiaje adui ambaye hajafika?

Walibishiwa hodi usiku wa manane, wakafunga vifurushi harakaharaka. Stesheni, baba alipandishwa behewa lake, mama na watoto lao. Wengi hawakuonana tena: wanaume kwenye kambi za kazi ya shuruti, familia Siberia. Miongoni mwao walikuwemo watoto wachanga, nao usaliti wangeujulia wapi?

Machi 1949 walichukuliwa wengine zaidi ya 90,000, wengi wao wanawake na watoto.

Nyumbani, kuwalilia hadharani kulikatazwa miaka mingi, kwa hiyo waliokimbilia ng'ambo ndio walioibeba kumbukumbu hiyo. Mwaka 1987, siku ileile ya Juni 14, watu wa Riga, mji mkuu wa Latvia, wakathubutu kuweka maua kwenye Mnara wa Uhuru.