Leseni ya mhandisi si kibali cha ujenzi

“Huyo injinia ana leseni ya Marekani.” Kauli hii inapendwa sana na ndugu zetu walioko huko, na kasoro yake ni moja tu: leseni hiyo haipo. Mhandisi husajiliwa na bodi ya jimbo. Kwa kawaida anatakiwa awe na shahada inayotambulika, afaulu mtihani wa misingi, afanye kazi kama miaka 4, kisha afaulu mtihani wa pili; hapo ndipo anaitwa PE (Professional Engineer, yaani mhandisi aliyesajiliwa). Mitihani hutungwa na chombo kimoja, NCEES, baraza la bodi hizo za majimbo, ndiyo maana watu hudhani na leseni ni moja. Aliyesajiliwa Texas hana ruhusa ya kugonga muhuri wake kwenye mchoro wa daraja la Oklahoma mpaka Oklahoma nayo imsajili. Akihamia California kama mhandisi wa ujenzi, ataongezewa mitihani ya matetemeko ya ardhi na upimaji.

Majimbo yalianza kusajili wahandisi kila moja kwa wakati wake na kwa machungu yake. Wyoming ilitangulia mwaka 1907, baada ya mhandisi mkuu wa jimbo, Clarence Johnston, kuchoshwa na ramani za maombi ya maji zilizochorwa na mawakili na wengineo waliojiita wahandisi. Texas ilisubiri hadi 1937, gesi ilipolipua shule ya New London na kuua watu karibu 300, wengi wao watoto.

Kibali cha ujenzi ni habari nyingine kabisa. Hutolewa na mji au kaunti, na kinafuata jengo, si mtu. Mkaguzi anakuja kutazama nondo kabla zege halijamwagwa. Lakini kinachoniudhi hasa ni ile dhana kwamba mji ukishapitisha michoro, mhandisi amenawa mikono.

Tazama hoteli ya Hyatt Regency ya Kansas City (ile iliyoko Missouri, maana zipo mbili). Ukumbini kulikuwa na madaraja ya kupita watu, moja juu ya jingine, yakining'inia kwa fimbo za chuma kutoka darini. Mchoro wa kwanza ulitaka fimbo ndefu zinazoshika yote mawili. Wakati wa kutengeneza, kila fimbo ikagawanywa kuwa mbili, daraja la chini likabebwa na la juu, na mzigo kwenye kiungo cha juu ukawa maradufu. Michoro ya karakana, ile ya mtengeneza chuma, ilikuwa na muhuri wa mhandisi. Tarehe 17 Julai 1981 madaraja yakaanguka, watu 114 wakafa. Wachunguzi walikuta hata ule mchoro wa kwanza ulifikia kama asilimia 60 tu ya uwezo uliotakiwa na kanuni za mji. Wahandisi walijitetea kwamba kiungo kilikuwa kazi ya mtengeneza chuma. Bodi ya Missouri haikukubali. Wawili wakanyang'anywa leseni.

Kwa hiyo mteja akiuliza, jibu sahihi ni fupi: “Nimesajiliwa Ohio.” Na ile karatasi aliyopata shemeji ya kujenga nyumba pale Columbus, Ohio, tuiite kibali tu. Imetoka kwa mji, na nyumba ikishapita ukaguzi wa mwisho kazi yake imekwisha.