Ndani ya Kidonge Kuna Nini Zaidi ya Dawa? Maswali na Majibu

Kidonge kimeandikwa miligramu 5, mbona kikubwa hivyo?

Miligramu 5 ni kama punje chache za sukari. Huwezi kuzishika vizuri kwa vidole, na hata mashine ya kiwandani ingeshindwa kuzigawa sawasawa, kidonge hadi kidonge, zikiwa peke yake. Kwa hiyo dawa kama amlodipini ya presha huchanganywa na vijazio: laktosi, ambayo ni sukari ya maziwa, au selulosi inayotokana na miti, au wanga wa mahindi. Huongezwa pia kitu cha kuushikamanisha unga ili kidonge kisimeguke, kingine cha kukifumua kikifika tumboni, na kidogo cha kuzuia unga usigande kwenye mashine. Viambato hivi havitibu ugonjwa, lakini bila hivyo dawa isingefika inakotakiwa.

Kama havitibu, basi havina madhara?

Vilivyo sahihi na safi, kwa watu wengi havina. Hatari ipo pale kiambato kinapochakachuliwa, na hapa naomba wazazi tusikilizane vizuri. Dawa ya maji huhitaji kitu cha kuyeyushia na kuleta utamu, kwa mfano gliserini, sorbitoli au propilini glikoli. Ipo kemikali nyingine ya viwandani, dietilini glikoli, ambayo nayo ni nzito, haina rangi, ni tamu, na ni ya bei rahisi. Hiyo huua figo.

Mwaka 1937 huko Marekani kampuni moja iliyeyusha dawa ya salfa, ya kupambana na bakteria, ndani ya dietilini glikoli, ikaweka ladha nzuri, ikauza bila kupima usalama wake. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwemo watoto wengi. Dawa ya salfa yenyewe haikuwa na kosa. Kilichowaua ni kile kimiminika. Mwaka uliofuata nchi hiyo ilipitisha sheria ya kulazimisha dawa mpya zithibitishwe kuwa salama kabla ya kuuzwa. Hata hivyo, Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji za kikohozi na mafua zilizokutwa Gambia na sumu hiyohiyo. Vifo vya watoto 66 vilihusishwa nazo. Miaka 85 imepita, na bado kuna anayeacha kupima pipa la malighafi kabla ya kulimimina kwenye dawa ya mtoto. Hili halivumiliki.

Mtoto aliyepewa dawa ya maji akaanza kutapika, kuumwa tumbo, na hasa akapunguza au kuacha kukojoa, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, na uibebe chupa. Dawa ya maji nunua kwenye duka la dawa lenye kibali, ikiwa na lakiri, namba ya toleo na jina la mtengenezaji. Kwa mafua ya kawaida, mtoto mdogo mara nyingi haihitaji kabisa.

Mzee wangu hawezi kumeza. Nimsagie vidonge?

Uliza kwanza. Vidonge vingine vimetengenezwa kutoa dawa polepole kwa saa nyingi, na kazi hiyo hufanywa na viambato visivyo tiba. Nifedipini yenye neno "retard" au herufi SR kwenye boksi ni mfano mzuri: ukiisaga, dozi ya saa kadhaa inaingia kwa mkupuo, presha inashuka ghafla, mzee anaweza kuanguka. Omeprazoli, dawa ya vidonda vya tumbo, nayo huwa na punje zilizofunikwa ganda lisiloyeyuka kwenye tindikali ya tumbo. Ukizisaga, tindikali inaiharibu dawa kabla haijafanya kazi. Mfamasia anaweza kukutafutia ya maji au ya kuyeyusha.

Maziwa yananivuruga tumbo. Laktosi ya kwenye vidonge je?

Glasi ya maziwa ina takriban gramu 12 za laktosi. Kidonge kwa kawaida hakifiki hata nusu gramu. Wengi hawapati shida.

Nina presha. Panadol ya kuchemka kwenye maji inanifaa?

Si kwa kutumia mara kwa mara. Kinachofanya ichemke ni magadi, na magadi yana sodiamu. Kidonge kimoja cha miligramu 500 huweza kuwa na sodiamu karibu miligramu 400, wakati kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 2 kwa siku, chakula kikiwemo. Chukua ya kumeza ya kawaida. Mwenye kisukari naye aulize kuhusu sukari kwenye dawa ya maji.

Mimi ni Mwislamu. Ganda la kapsuli linatokana na nini?

Mara nyingi ni jeletini, itokanayo na ngozi na mifupa ya ng'ombe au ya nguruwe. Boksi aghalabu halisemi ni ya mnyama yupi. Yapo maganda ya selulosi ya mimea, na dawa nyingi zina aina ya kidonge. Mweleze mfamasia wazi, ni haki yako. Usiiache dozi kimyakimya, hasa ya kifua kikuu au ya virusi vya UKIMWI.

Dawa ileile, kampuni tofauti: ni sawa?

Kwa dawa nyingi zilizosajiliwa, ndiyo. Za kifafa zinahitaji uangalifu zaidi. Mwaka 1968 huko Australia, kijazio cha kapsuli za fenitoini, dawa ya kifafa, kilibadilishwa kutoka kalsiamu salfeti kwenda laktosi. Kiasi cha dawa kilikuwa kilekile, lakini mwili ukaanza kunyonya dawa nyingi zaidi, na wagonjwa wakapata dalili za sumu. Basi ukikuta duka limekubadilishia kampuni ya fenitoini, mjulishe daktari wako, na ukiona unayumba ukitembea, macho yanachezacheza au usingizi umekuzidi, rudi kliniki upimwe. Usiikate dawa mwenyewe, kwani kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu.