Kukesha na kompyuta: je, kazi huongezeka?

Nikifanya kazi saa 70 kwa wiki, si nitamshinda anayefanya 40?

Wiki moja ya dharura, huenda. Ukifululiza, faida inayeyuka. Mwanauchumi John Pencavel wa Chuo Kikuu cha Stanford alichambua kumbukumbu za wafanyakazi wa viwanda vya silaha vya Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akachapisha matokeo mwaka 2014. Mpaka karibu saa 49 kwa wiki, kazi iliongezeka sambamba na saa. Kuanzia hapo kila saa ilizaa kidogo kuliko iliyotangulia, na wa saa 70 hakumpita kwa lolote la maana wa saa 56.

Na makombora waliyotengeneza angalau yanahesabika. Kosa uliloliandika kwenye programu saa nane usiku hulioni pale pale. Huibuka mteja anapolalamika, na kulisaka kunakula asubuhi nzima.

Mbona nalala kwa saa tano au sita tu na najiona niko sawa?

Kujiona si kipimo. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2003, watu waliruhusiwa kulala kwa muda wa saa sita tu kila usiku, wiki mbili mfululizo. Mwishowe umakini wao ulikuwa umeshuka kama wa mtu aliyekesha usiku mzima, lakini wenyewe walisema wana usingizi kidogo tu. Mwaka 2018, watafiti wa Italia waliwapima wanafunzi wa programu waliokesha usiku mmoja: ubora wa walichoandika ulipungua takriban nusu.

Kesho ni siku ya kukabidhi na kazi haijaisha. Nifanyeje leo usiku?

Baki na kazi zinazorekebishika: maandishi ya skrini, majaribio, maelezo ya matumizi. Hifadhidata ya wateja usiiguse. Amri ya kufuta rekodi ikikosa sharti la kuonyesha ni zipi, inafuta zote, na mstari huo mmoja ndio jicho lililochoka hupita bila kuuona. Kabla ya kuzima kompyuta, andika mistari mitatu: ulipofikia, kinachogoma, hatua inayofuata. Ukiamka huanzi kupapasa.

Wateja wangu wako California, nami niko Mombasa.

Saa tatu asubuhi yao ni saa moja au saa mbili usiku huku, kutegemea msimu. Omba mikutano iishe saa nne usiku. Ikibidi zamu ya usiku, hamisha usingizi wote na uushike hivyo hivyo wiki nzima, kwa mfano saa nane usiku hadi saa tatu asubuhi. Kulipia usingizi mchana Mombasa ni shida: chumba cha mabati kikishapata jua, feni inazungusha hewa ya moto tu.

Kahawa chungu? Muguka?

Nusu ya kafeini huwa bado mwilini baada ya saa tano hivi. Kahawa ya saa kumi na mbili jioni utapanda nayo kitandani. Kikombe cha mwisho kiwe saa nane mchana. Muguka, majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, hauondoi uchovu, unauficha, huku mapigo ya moyo na shinikizo la damu vikipanda na usingizi ukikimbia. Kesho utahitaji zaidi.

Mwili unadhurika vipi?

Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kuwa kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunaongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35 na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, ukilinganisha na saa 35 hadi 40. Pima shinikizo, likirudia kuwa 140/90 au zaidi siku tofauti, nenda kliniki hata kama huumwi popote.

Mdomo ukipinda, mkono ukilegea upande mmoja au ulimi ukiwa mzito ghafla, hizo ni dalili za kiharusi: usijilaze ukingoja ipoe. Nenda hospitali papo hapo, na mtu aandike saa dalili zilipoanza: daktari ataiuliza, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina muda wake, saa chache tu.